Dalali Hatakiwi, Ila Bei Anayo Yeye

Kuta za Dar es Salaam zina matangazo ya aina mbili kuhusu nyumba. La kwanza ni la zamani, na mgeni wa jiji hulishangaa: "NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI." La pili ni hili: "NYUMBA INAUZWA. DALALI HATAKIWI," na chini yake namba ya simu kwa rangi ya mafuta, tarakimu za mwisho zikiwa zimebanana kwa sababu aliyeshika brashi hakupima ukuta. Mwenye tangazo la kwanza anaogopa nyumba yake isiuzwe bila yeye kujua. Mwenye la pili anaogopa isiuzwe vibaya huku anaona.

Mama yangu mdogo alikuwa wa kundi la pili. Ni mwalimu mstaafu, na mwaka juzi aliamua kuuza nyumba yake ya Tabata ahamie Songea, ambako baba mdogo alishatangulia kulima. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, stoo, fensi ya matofali, kiwanja cha skwea mita 480, hati ipo. Dalali wa mtaa alitaka asilimia 5. Mama mdogo alishajiwekea bei ya milioni 150, akapiga hesabu: milioni saba na nusu kwa mtu wa kuleta mteja, kunywa soda na kuondoka? Akamwita kijana wa rangi.

Ilimchukua miezi tisa, akauza kwa milioni 112. Mtaani walihitimisha haraka kwamba ubahili umemponza, angemwachia dalali. Mimi niliyekuwa nikizunguka naye ofisi kwa ofisi sikubaliani nao, ingawa na mama mdogo pia sikubaliani. Wateja hawakukosekana. Kilichokosekana ni bei. Hakuna mtu pale sebuleni, si yeye wala waliokuja kuangalia, aliyejua nyumba za Tabata zinauzwa shilingi ngapi hasa. Dalali anajua, au anajua kujifanya anajua, na hiyo ndiyo bidhaa anayouza. Mteja ni nyongeza tu.

Hebu fikiria. Bei ya sukari unaijua. Bei ya mfuko wa saruji utaipata kwa simu moja, na ya bati la msauzi vilevile. Sasa nyumba ya jirani iliyouzwa mwezi uliopita iliuzwa kiasi gani? Mmoja atakwambia milioni 90, mwingine 130. Muuzaji hutaja ndogo ili ndugu wasijae mlangoni. Mnunuzi hutaja kubwa akijisifu, au ndogo akijificha. Karatasi nayo haisaidii, maana ni siri ya wazi kwamba mikataba mingi huandikwa bei pungufu ili kodi ipungue. Kuna bei ya mkononi na bei ya kwenye mkataba, na kila mmoja anayeshiriki huona amekuwa mjanja.

Ujanja huo una gharama, na anayeilipa ni muuzaji anayefuata. Katika mtaa ambao kila bei imefichwa, mtu pekee mwenye kumbukumbu ni yule aliyekuwepo watu walipopeana mikono. Dalali wa kijiweni, mwenye kiti cha plastiki na simu mbili, anakumbuka nyumba tano za barabara ile: ipi iliuzwa kwa shida, ipi ilikuwa na mgogoro, ipi mnunuzi aliomba kulipa kwa awamu. Sisi wenyewe ndio tulimjengea mtaji huo kwa kuficha, halafu tunashangaa anautoza.

Asiye na kumbukumbu hiyo hufanya alichofanya mama mdogo. Alitoa daftari. Ndani yake kuna kila tofali tangu 1997, nondo za milimita 12, mchanga tripu ngapi, fundi kalipwa kiasi gani, marumaru za sebuleni zilizobadilishwa mara mbili. Alijumlisha, akaongeza cha mfumuko, akaongeza cha jasho, ikatoka 150. Nyumba aliihesabu vizuri kabisa. Soko likaihesabu barabara ya kufika kwake. Masika ikiingia, gari dogo halifiki getini kwake, na kila mteja mwenye akili alikuja siku moja baada ya mvua kubwa. Wakazi wa jiji lililoona mafuriko ya Desemba 2011 hawaulizi tena kuhusu marumaru kabla ya kuuliza maji yanapita wapi.

Dawa ya tatizo hili ipo na wala si dalali. Ni mthamini aliyesajiliwa, mtaalamu wa kukadiria thamani ya mali. Tuna sheria yake tangu 2016, na ripoti yake itahitajika hata hivyo wakati wa kuhamisha hati, ikaidhinishwe kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Lakini angalia tunavyoitumia. Watu huagiza uthamini mwishoni, bei ikishakubaliwa, kama karatasi ya kutimiza masharti. Mama mdogo alimwita mthamini mwezi wa sita tangu aanze kuuza, baada ya mimi kumsumbua. Ripoti ikasema milioni 118. Siku hiyo hakula mchana. Angeipata mwezi wa kwanza, angekasirika mapema na kuuza mapema.

Nilimuuliza yule mthamini, tukiwa tunamsindikiza kwenye bodaboda, anapataje bei ya kulinganisha wakati mikataba inadanganya. Akacheka. "Kaka, simu ya kwanza nampigia dalali."

Turudi kwenye ukuta. Tangazo lile lilileta simu zaidi ya 30 wiki ya kwanza. Nilizipokea nyingi mimi, na nakadiria robo tatu walikuwa madalali waliojifanya wateja. Utawajua kwa maswali. Mteja huuliza maji na barabara, dalali huuliza "bei ya mwisho ngapi, mzee, niseme ukweli nina mtu yuko siriasi." Wengine walikuja, wakaomba kuangalia, wakapiga picha. Baada ya siku chache nyumba ikawa mtandaoni kwa bei nne: milioni 165, 180, 175 "maongezi yapo", na moja ya milioni 140, ambayo naamini ilikuwa chambo cha kuvuta watu wa kupelekwa nyumba nyingine. Mteja mmoja wa Kimara alitupigia kwa hasira akiuliza tumemwambia 150 wakati mtandaoni ni 140, basi kati yetu nani tapeli?

Hapo ndipo ilipo kejeli ya kuuza bila dalali. Unawafukuza wote, halafu unabaki na wanne wasiokudai chochote na wasiowajibika kwako kwa chochote. Kila mmoja ana cha juu chake kichwani. Kwa asiyejua msamiati huu: mwenye nyumba anasema "mimi nataka 120 mkononi," na chochote dalali atakachopata juu ya hapo ni chake. Mfumo wa cha juu unapendwa kwa sababu muuzaji haoni akikatwa. Ndio mbovu kuliko yote. Dalali wa asilimia anataka uuze, hata kama si kwa bei bora. Dalali wa cha juu anaweza kumkataa mteja wa milioni 122 kwa sababu hapo kwake kuna mbili tu, na wewe hutajua kama mteja huyo aliwahi kuwepo.

Hata dalali mwaminifu wa asilimia ana udhaifu wake, na hili halihusu Tabata peke yake. Wachumi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, walipitia mauzo ya karibu nyumba 100,000 za eneo la Chicago, wakalinganisha nyumba ambazo mawakala waliuza kwa niaba ya wateja na zile walizouza wakiwa wenyewe ndio wenye mali. Katika utafiti waliochapisha 2008 walikuta kwamba nyumba za mawakala wenyewe zilikaa sokoni siku tisa na nusu zaidi, zikauzwa kwa takriban asilimia 3.7 juu. Sababu haihitaji shahada. Ukisubiri wiki moja upate milioni mbili zaidi, sehemu ya wakala wa asilimia 5 ni laki moja. Hawezi kuisubiri laki moja. Kwenye yake mwenyewe, milioni mbili zote ni zake.

Mwaka uliofuata ukaja utafiti mwingine, wa mji wa Madison, Wisconsin, uliowalinganisha waliouza wenyewe kupitia tovuti na waliotumia mawakala. Waliouza wenyewe hawakupata bei ndogo. Walichokosa ni wakati: nyumba zao zilichelewa kuuzika, na wengine wakasalimu amri wakaenda kwa wakala. Nilipousoma nilimfikiria mama mdogo, nikataka kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Kisha nikakumbuka kwamba Wisconsin bei ya nyumba ikiuzwa huingia kwenye kumbukumbu ambazo raia anaweza kuziona. Mwalimu mstaafu wa Madison anajua nyumba ya jirani iliuzwa kwa kiasi gani na lini. Wetu ana daftari la nondo.

Kuna jambo ambalo wachumi hawakuliandika, labda kwa sababu kwao halipo. Kuuza nyumba kwetu kunasomeka kama msiba. "Kauza nyumba" husemwa kwa sauti ya "kafilisika". Tangazo likishakauka tu ukutani, jirani wa kushoto alikuja kumpa mama mdogo pole. Wa kulia akauliza kama baba mdogo anaumwa. Wateja nao wana swali lao, na hulileta baada ya salamu ndefu: "Shikamoo mama. Sasa mama, nyumba nzuri hivi, mbona unaiacha?" Maana yake nyumba ina nini. Ina kesi? Ina majini? Dalali hulimaliza swali hilo kwa sentensi moja, mwenyewe anahamia mkoani, na mteja anaridhika kwa kuwa aliyejibu hana aibu ya kujibu. Mama mdogo alijieleza kwa dakika 20, akataja shamba, mvua za Songea, mgongo wa baba mdogo, na kadiri alivyoeleza ndivyo mteja alivyozidi kuamini kwamba kuna jambo linafichwa.

Na bei utakataaje ukiwa kwako? Mtu umemkaribisha, umempa soda, mtoto wake amelala kwenye kochi lako. Anakwambia, "Mama, mimi nina milioni 85 tu." Dalali angesema, "Mzee wangu, kwa bei hiyo hata mwenye nyumba asiamshwe," na wangeendelea. Mama mdogo alisema, "Tutaongea na baba yako mdogo, mwanangu," jibu la adabu ambalo mteja alilipokea kama ndiyo ya nusu. Alirudi mara tatu. Kila mara na soda.

Pia walikuwepo wale wa hesabu ya moja kwa moja: kwa kuwa hapa hakuna dalali, ile asilimia 5 yake tupunguzieni sisi. Nilikuwa nadhani nimeshaona ujasiri wote. Lakini ukiwaza, hawakukosea sana. Kinachookolewa kwa kutokuwa na dalali hakina jina la mtu juu yake. Muuzaji anadhani ni chake, mnunuzi anadhani ni chake, na kwa kawaida hukipata yule asiye na haraka.

Kuhusu makaratasi nitakuwa mfupi, kwa sababu hapa dalali anasifiwa bure. Watu husema "dalali anashughulikia kila kitu". Dalali wa nyumba kwetu hana leseni ya uwakili, na kwa miaka mingi hajakuwa hata na sheria ya kumsajili, tofauti na Kenya ambako Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, ina bodi yake tangu miaka ya 1980. Fomu ya taarifa ya uhamisho, ya maombi ya idhini na ya uhamisho wenyewe, namba 29, 30 na 35, zinahitaji wakili, uwe na dalali au usiwe naye. Upekuzi kwa Msajili wa Hati, mnunuzi anaufanya mwenyewe kwa wakili wake. Pango la ardhi, yaani kodi ya kila mwaka ya kiwanja, la nyuma utalipa wewe. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, yaani malipo ya umeme, lakini pango halimo humo, na wauzaji wengi hugundua tofauti hiyo siku wanapoambiwa deni na riba.

Mambo mawili yalitukwamisha, na yote mawili yangetukwamisha hata tukiwa na madalali kumi. La kwanza ni baba mdogo. Hati ina jina la mama mdogo peke yake, alikinunua kiwanja kwa mshahara wake, na kila akikumbushwa ridhaa ya mume anasimama wima. Lakini kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakiulizi nani alinunua. Kama ni nyumba ya ndoa na ndoa ipo, hauzi mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa ilisainiwa Songea mbele ya wakili, ikaja kwa basi, ikakosewa namba ya kiwanja, ikarudi, ikaja tena. Wiki tano. Mteja wa milioni 116, yule bora kuliko wote, alikuwa amekwenda kununua Kinyerezi.

La pili ni kodi ya ongezeko la mtaji. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukiondoa gharama ulizoweka na unazoweza kuzithibitisha. Ipo nafuu kwa nyumba ya kuishi mwenyewe, uliyoimiliki na kukaa humo kwa miaka mitatu au zaidi, lakini ni kama faida haivuki milioni 15, kiasi ambacho mtu aliyejenga Dar miaka ya 1990 hukivuka akiwa amelala. Daftari la mama mdogo lilikuwa na kila kitu isipokuwa risiti. Kilichomwokoa ni badiliko la 2023: mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa thamani ya milioni 118, ilikuwa milioni tatu na laki tano na ushee. Alilipa bila kunung'unika. Aliyenung'unika ni jirani mwenye risiti zake zote kwenye faili, aliyepiga hesabu akakuta kwamba akiuza kwa faida ya milioni 70 atalipa saba.

Hayo ni ya nyumba yenye hati. Ukiwa na leseni ya makazi, ambayo ni kibali cha muda tu, au huna chochote zaidi ya karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, mazingira ni mengine kabisa. Hapo mashahidi ndio hati. Mjumbe, majirani wa pande nne, muuzaji wa kwanza kama bado yu hai. Katika mitaa mingi utaambiwa pia kuna "asilimia 10 ya ofisi", na ukiuliza ya sheria gani, utaangaliwa kama mtu aliyekosa malezi. Kuuza peke yako katika hali hiyo mimi sishauri, wala simshauri mtu kununua.

Pesa yenyewe ndiyo sehemu niliyoiogopa zaidi, na ikawa rahisi kuliko zote. Arabuni ilipita benki, mkataba ukataja tarehe ya salio na nini kitatokea likichelewa, salio likaingia kwenye akaunti ya wakili na hati ikakaa kwake mpaka siku ya kusaini uhamisho. Kosa letu lilikuwa mapema zaidi. Miezi ya mwanzo tulikuwa tunatuma picha ya hati kwa WhatsApp kwa yeyote aliyeuliza, kwa nia ya kuonyesha kwamba hatuna cha kuficha. Namba ya hati, jina kamili, kitalu, sahihi. Mthamini ndiye aliyetushtua: hivyo ndivyo vitu anavyohitaji mtu wa kutengeneza hati ya bandia. Tangu hapo mwenye kutaka kuiona aliiona mezani kwa wakili, na wale wasiotaka kufika kwa wakili tukajua ni akina nani.

Mnunuzi alipatikana bila ukuta na bila mtandao. Ni mtoto wa mwalimu mwenzake mama mdogo, anafanya kazi bandarini, amepanga mtaa wa pili kwa miaka minne na barabara ile ameiona kwenye kila masika. Hakuuliza mbona unauza. Walianza 105, wakakutana 112.

Siku ya mkataba, wakili alipotoka kujibu simu, yule kijana alisogeza kiti. "Mama mdogo," alisema, maana tayari walikuwa wameshaitana hivyo, "kwenye karatasi si tuandike sabini tu? Mthamini nitaongea naye. Mimi ushuru wa stempu ni asilimia moja, lakini wewe utaokoa zaidi."

Mama mdogo alinitazama, nami nikatazama feni. Kisha akasema amefundisha darasa la saba hesabu kwa miaka 31 na hawezi kusaini jibu ambalo anajua si lenyewe. Ikaandikwa milioni 112.

Wiki iliyofuata nilikuwa pale tukipakia vyombo kwenye Fuso. Jirani wa kulia alikuja na chupa ya chai, akasaidia kubeba kabati, akapumua, akauliza kwa upole kwamba yeye naye anafikiria kuuza mwakani, hivi ile nyumba imekwenda kwa kiasi gani?

"Ah, bei ya kawaida tu, jirani," mama mdogo akamjibu, akiendelea kufunga kamba.